Mwendo wa Watoto

Somo: Mwanzo 33:12-14, 1 Samweli 2:18-19

Popote mlipo asubuhi hii, iwe ni jikoni mkingojea maji yachemke, au ndani ya matatu mkienda kazini, au kitandani kwa sababu ya ugonjwa, karibuni tutafakari pamoja kwa dakika chache.

Wazee wanaotusikiliza watakumbuka jinsi mtoto alivyopokelewa shuleni zamani. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa haba, na mama wengi walihesabu umri wa watoto wao kwa mwaka wa njaa au mwaka wa nzige. Basi mwalimu alimwita mtoto mbele akamwambia, "Pitisha mkono wako wa kuume juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto." Vidole vikilifikia sikio, mtoto aliandikwa darasa la kwanza. Visipolifikia, aliambiwa arudi nyumbani aje mwaka ujao. Kipimo hicho hakikuwa cha haki sana, maana wako watoto ambao mikono yao ni mifupi kwa asili, na wengine walipoteza mwaka mzima bure. Lakini kilikuwa na jambo moja jema. Mtoto aliporudi nyumbani hakuna aliyemchapa kwa sababu mkono wake ni mfupi. Wala hakuna baba aliyeushika mkono ule kila jioni akauvuta ili urefuke. Kila mtu alijua ya kuwa mkono utakua.

Siku hizi hatupimi kwa sikio. Mtoto hukaa miaka miwili katika shule ya awali, naye akifika miaka sita huingia Gredi ya Kwanza. Lakini naona ya kuwa ile desturi ya kutovuta mkono imetupotea. Mwezi wa Januari tunanunua sare na kumpiga mtoto picha mlangoni. Februari tunaanza kuuliza mbona hajajua kusoma. Machi tunamtafutia mwalimu wa jioni. Na ifikapo Aprili, mtoto wa miaka sita amekwisha kuambiwa, tena nyumbani kwao wenyewe, na watu wanaompenda, ya kuwa yeye ni mzito wa kichwa.

Ndugu zangu, hili si jambo dogo. Mtoto anaweza kusahau herufi akafundishwa tena. Lakini mtoto aliyeamini kwamba yeye ni mjinga, huyo amefundishwa somo ambalo hakuna mwalimu wa Gredi ya Pili awezaye kulifuta kwa urahisi.

Hebu tumtazame Yakobo siku ile alipokutana na ndugu yake Esau baada ya miaka mingi. Wamekumbatiana, wamelia, na sasa Esau anasema waondoke waende pamoja. Esau ana watu mia nne, watu wazima wenye nguvu. Yakobo anakataa kwa heshima. Anamweleza bwana wake ya kuwa watoto ni wachanga, na wanyama wananyonyesha, na wakikimbizwa kwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Anamwomba Esau atangulie. Yeye atakuja polepole, kwa kadiri ya mwendo wa wale mifugo na mwendo wa watoto.

Tena angalieni, ndugu, maneno haya ni ya Yakobo, mtu aliyekimbia maisha yake yote. Alikimbilia haki ya mzaliwa wa kwanza, akakimbilia baraka, akamkimbia Esau, kisha akamkimbia Labani. Lakini hapa, akiwa na watoto mbele yake, anapunguza hatua. Haoni haya kuchelewa mbele ya watu mia nne. Na hakuna mahali tunaposoma ya kuwa watoto hao walibaki njiani. Walifika.

Sasa mzazi atauliza, "Mwendo huo wa watoto ni upi? Nitajuaje kama mtoto wangu anatembea au amekaa chini?" Ni swali la haki. Nitajaribu kueleza yale ambayo nyumba yenye mtoto wa Gredi ya Kwanza inaweza kuyatazamia mwaka huu, ili yakitokea yasiwatie hofu.

Jambo la kwanza ni uchovu. Mtoto huyu amezoea kucheza na kulala apendapo, na sasa anakaa dawatini somo baada ya somo. Kweli, kila somo katika madarasa ya chini ni la dakika 30 tu, lakini kwa mtoto dakika 30 za kunyamaza ni kazi kama kupalilia shamba. Atarudi nyumbani amekasirika bila sababu. Atasinzia sahani ikiwa mbele yake. Mwingine shuleni ni mpole kama mwana-kondoo, halafu akifika nyumbani anapiga mdogo wake na kulia kwa sababu ya kiatu. Mama, usidhani ameharibika. Amejizuia mchana kutwa, na kwako ndiko anakoweza kuutua mzigo. Mpe chakula kwanza, maswali baadaye.

Na usingizi. Mtoto wa umri huu anahitaji kulala kati ya saa 9 na saa 12 kila usiku. Piga hesabu mwenyewe: anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi gari la shule, imempasa awe amelala saa mbili usiku. Je, ndivyo ilivyo nyumbani kwako? Katika nyumba nyingi za mjini saa mbili ndiyo kwanza televisheni inapata moto. Kabla ya kulipa fedha kwa mwalimu wa jioni, jaribu kumlaza mapema kwa mwezi mmoja. Ni dawa isiyo na bei.

Wiki za mwanzo wengine hulia langoni. Wengine huumwa na tumbo kila asubuhi ya Jumatatu, nalo tumbo hilo hupona ajabu siku ya Jumamosi. Wako wanaorudia kukojoa kitandani ingawa walikuwa wameacha. Mara nyingi mambo haya hupita mtoto akipata rafiki na akimzoea mwalimu. Yasipopita baada ya muda, usimkemee, mwulize: Nani anakupiga? Nani anakunyang'anya mandazi? Choo cha shule kikoje? Watoto wengi hawaogopi masomo, wanaogopa choo.

Tena atapoteza vitu. Penseli, raba, sweta, hata kiatu kimoja, na hilo la kiatu kimoja hakuna mtu awezaye kulieleza. Na meno ya mbele yataanza kung'oka, kwa hiyo msishangae mkisikia anasoma kwa kupuliza.

Basi tuje kwenye kusoma kwenyewe, maana hapo ndipo machozi mengi hutoka. Mtoto wa Kenya ana kazi kubwa kuliko tunavyofikiri. Katika Gredi ya Kwanza anakutana na lugha ya nyumbani, na Kiswahili, na Kiingereza, pamoja na hisabati, mazingira, dini, na zile shughuli za kuimba, kuchora na kucheza. Kiswahili kina huruma kwa mtoto: akijua a, e, i, o, u, na akijua ba, be, bi, bo, bu, ameshika ufunguo, kwa sababu neno husomwa kama lilivyoandikwa. Lugha zetu nyingi za nyumbani ni vivyo hivyo. Kiingereza hakina huruma hiyo. Herufi zile zile mara zinasema hivi na mara zinasema vile. Mtoto akisoma vizuri kwa Kiswahili lakini akakwama kwa Kiingereza, hajarudi nyuma. Anapanda mlima mwingine.

Wako wazazi ambao wakisikia hayo hukataza lugha ya nyumbani kabisa, wakidhani inamzuia mtoto. Hapana. Tume ya Gachathi ilipotoa ripoti yake mwaka 1976 ilishauri watoto wafundishwe kwa lugha inayosemwa mahali pao katika miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi, na mtaala wa umilisi wa leo unashika njia hiyo hiyo. Sababu yake ni nyepesi: mtoto hawezi kusoma neno akalielewa kama halijui kwa sikio. Kwa hiyo bibi asiyejua kusoma, anayekaa mekoni akitega vitendawili kwa Kikamba au Kiluhya au Kitaita, ni mwalimu wa Gredi ya Kwanza, ajapokuwa halipwi mshahara. Anaujaza mtungi ambao mwalimu atakuja kuuchotea.

Utamwona mtoto akiandika herufi kinyume. Ataandika d mahali pa b, na 3 itatazama upande usio wake. Msitishike. Kwa watoto wa miaka sita hilo ni la kawaida kabisa, na wengi huliacha wenyewe kadiri wanavyozoea. Utamwona "akisoma" ukurasa mzima bila kutazama maneno, kumbe ameukariri kutoka kwa wenzake na kuangalia picha. Wazazi wengine husema, "Huyu ananidanganya!" na kumfungia kitabu. Hadanganyi. Amekwisha kutambua ya kuwa kitabu kina maneno ndani yake, na ya kuwa maneno hayo hukaa pale pale kila siku. Hiyo ni hatua. Mwekee kidole chini ya neno moja, kisha lingine. Utamwona akihesabu kwa vidole, na kwa vifuniko vya soda, na kwa vijiti. Mwache. Vidole hivyo Mungu alimpa kumi.

Namfahamu mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye bidii na mwenye kuwapenda watoto wake. Binti yake alianza Gredi ya Kwanza mwaka mmoja na mtoto wa shemeji yake, na nyumba zao zimepakana. Kila jioni yule mzee alimwita binti asome, na kila alipokwama alisikia jina la binamu yake. "Mwenzako amekwisha kumaliza kitabu." Hakumpiga hata siku moja. Lakini kufikia muhula wa pili kitabu kile kikapotea. Kikatafutwa kabatini, chini ya kitanda, shuleni, wapi. Aliyekiona ni nyanya yake, alipotia mkono ndani ya gunia la makaa ili awashe jiko. Mtoto alikuwa amekizika humo.

Nyanya hakumwambia mtu. Alikipangusa, na kesho yake, baba akiwa kazini, akamwita yule binti akamwambia, "Mimi sikuenda shule. Nieleze picha hizi zinasema nini." Wakakaa hivyo siku nyingi, picha tu. Baadaye mtoto mwenyewe ndiye aliyeanza kumwonyesha nyanya, "Hapa pameandikwa ng'ombe." Mpaka leo msichana huyo si wa kwanza darasani, wala sijui kama atakuwa. Lakini anasoma, na hafichi kitabu. Baba yake alinieleza habari za gunia lile la makaa kwa sauti ya chini sana.

Katika mtaala huu, watoto wa Gredi ya Kwanza hawapangwi kwa nambari. Ripoti ikija nyumbani haitasema mtoto amekuwa wa tano au wa arobaini. Itaonyesha kwa kila jambo kama mtoto amezidi matarajio, amefikia, anakaribia, au yuko chini ya matarajio. Baadhi yetu tuliosoma zamani tunaona ripoti hiyo haina chumvi. Tunataka nambari. Tunampigia mwalimu simu kumwuliza kwa siri, "Lakini kwa kweli amekuwa wa ngapi?" Mimi nadhani jambo hili walilipanga vizuri. "Anakaribia" ni neno zuri kwa mtoto. Linamtazama kama mtu aliye njiani.

Mambo mengine mzazi hana budi kuyajua, maana yamo katika sheria. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu ya kumpiga mwanafunzi na hata kumtesa kwa maneno. Sheria hiyo hiyo imekataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Mzazi asiombe shule imchape mtoto wake ili ajue kusoma. Na yale maneno ambayo sheria inamkataza mwalimu kuyasema darasani, je, ni halali kwetu kuyasema mezani?

Sisemi kwamba tukae tu tukingojea. Yakobo alikwenda polepole, lakini alikwenda. Yako mambo ambayo mzazi mwangalifu hatayaachilia. Mtoto anayekaza macho na kusogelea ubao, au anayenakili makosa wakati wenzake wananakili sawa, apimwe macho. Mtoto anayetoka usaha masikioni, au anayeitwa mara tatu asisikie, apelekwe hospitali. Wangapi wameitwa wakaidi kumbe hawasikii! Na mwaka ukielekea kwisha, mtoto akiwa bado hawezi kutofautisha sauti za herufi chache, au haelewi maagizo mepesi, kaa na mwalimu wake mzungumze bila kulaumiana. Viko vituo vya kupima watoto wenye mahitaji ya pekee, vile viitwavyo EARC, ambavyo vilianzishwa nchini katika miaka ya 1980. Kumpeleka mtoto huko si aibu. Aibu ni kumficha.

Kazi za nyumbani nazo zimewasumbua wengi. Leo mtoto ameambiwa alete majani ya aina tano, kesho alete boksi na gundi. Baba anarudi saa tatu usiku akiwa amechoka, anaona ni afadhali aitengeneze ile kazi mwenyewe aimalize. Asubuhi mtoto anabeba shuleni nyumba ya boksi iliyojengwa na fundi wa miaka arobaini. Mwalimu anajua, na mtoto pia anajua. Afadhali nyumba iliyopinda aliyoijenga mwenyewe.

Kabla sijamaliza, nataka mkumbuke sare mlizonunua. Mama wa Kenya akienda kununua sweta ya shule hanunui iliyomkaa mtoto sawasawa. Hununua kubwa, mikono ikakunjwa mara mbili, na muuzaji akiuliza humjibu, "Atakua." Hana, mama yake Samweli, alifanya vivyo hivyo. Baada ya kumwachisha mtoto maziwa alimpeleka Shilo, akamwacha kwa kuhani Eli. Na kila mwaka, alipopanda pamoja na mumewe kutoa dhabihu, alimletea kanzu ndogo aliyomshonea. Fikirini kazi hiyo. Mtoto hayupo nyumbani apimwe. Hana alishona kwa kukisia, akiwaza moyoni, "Sasa atakuwa amefika wapi?" Wala hatusomi kwamba alimletea kanzu ya mtu mzima ili akue haraka. Alimshonea ya mwaka ule.

Mwili wa mtoto tumeuachia nafasi katika sweta. Akili yake tumeishonea nguo inayobana, tena tunamlaumu kwa kuwa haimwingii.

Kama unadhani wakati umempita mtoto wako kwa sababu ya muhula mmoja, mkumbuke mzee Kimani Maruge. Serikali ilipofuta karo za shule za msingi mwaka 2003, watoto waliosajiliwa waliongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2. Baadhi yenu mnaosikiliza mlikuwa miongoni mwao, mkabanana dawatini, na leo ni ninyi mnaopeleka watoto wenu. Mwaka uliofuata, 2004, mzee huyo akaja katika shule ya Kapkenduiywo karibu na Eldoret akiwa amevaa kaptura na soksi ndefu, akaomba aandikwe darasa la kwanza. Alikuwa na miaka 84. Sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba alitaka kuisoma Biblia yeye mwenyewe. Aliaga dunia mwaka 2009, akiwa amejua kusoma. Sidhani kuna mtu aliyemwuliza mzee wa miaka 84 mwezi wa Februari, "Mbona bado?" Basi huyu wa miaka sita tumpe angalau heshima ile ile.

Jioni ya leo, mtoto akirudi, usianze na daftari. Mwulize alicheza na nani. Kisha mketi dakika kumi na kitabu chake, zisizidi, na zikiisha, kifunge hata kama hamjamaliza ukurasa.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyewapokea watoto wadogo wakati wanafunzi wako walipokuwa wakiwafukuza, uwatazame wale wanaolia langoni asubuhi hii. Uwape nguvu walimu wa Gredi ya Kwanza, ambao wana watoto wengi na chaki chache. Umkumbuke mama anayemlea mtoto peke yake na hajui atapata wapi fedha ya sare. Umkumbuke nyanya asiyejua kusoma lakini anasikiliza. Utulize hasira zetu za jioni. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.